Kupunguza matunda kwenye mipichi na miplamu: kazi ya dawa na kazi ya mkono

Wakulima wa maeneo ya baridi ya Mbinga na milima ya Nyasa, kuanzia Kingerikiti na kata jirani, wanaifahamu hali hii. Mti wa pichi unachanua vizuri, unafungamana matunda kila tawi, na mwenye mti anahesabu fedha mapema. Siku ya kuvuna inapofika, matunda ni madogo kama ndimu, matawi mawili yameshavunjika kwa uzito, na mnunuzi anapita bila kusimama. Mwaka unaofuata mti huohuo unachanua kidogo, kana kwamba umekasirika.

Kwenye kipindi cha kilimo, swali linalokuja mara kwa mara ni hili: je, ipo dawa ya kupulizia ili mti upunguze matunda wenyewe na yaliyobaki yawe makubwa? Jibu fupi ni kwamba dawa zipo, zinatumika katika nchi zenye mashamba makubwa ya matunda haya, lakini kwa mkulima mwenye miti 10 au 50 milimani kwetu si njia ya kuanzia. Makala hii inaeleza sababu, na inaonyesha namna ya kuifanya kazi hiyo kwa mikono.

Matunda ya kokwa ni yapi

Matunda ya kokwa ni yale yenye mbegu moja iliyofungwa ndani ya ganda gumu katikati ya nyama ya tunda. Katika kundi hili wamo pichi (wengine huita pichesi, na kamusi huandika fyulisi), plamu au plamsi, nektarini, aprikoti na cheri. Yote ni ya ukoo mmoja wa mimea, na lozi pia ni ndugu yao. Embe nalo lina kokwa, ila ni la ukoo mwingine kabisa, na haya tunayoyaeleza hapa hayahusu mwembe.

Asili ya pichi ni China, na hadi leo China ndiyo inayoongoza duniani kwa uzalishaji. Miti hii inahitaji kipindi cha baridi ili ilale, kisha iamke na kuchanua. Ndiyo maana hapa Tanzania inaonekana nyanda za juu tu: Lushoto katika milima ya Usambara, Mgeta katika milima ya Uluguru, Njombe, Makete, na kwenye miinuko ya Umatengo. Ukiteremka hadi Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa ambako ni kama mita 475 tu kutoka usawa wa bahari, utakuta embe linastawi vizuri, lakini mpichi hauna kazi kule.

Katika eneo letu zao la biashara milimani ni kahawa. Mipichi na miplamu ni miti michache kando ya nyumba au pembezoni mwa shamba. Hata hivyo, mtu mwenye miti 20 iliyotunzwa vizuri anaweza kupata fedha ya daftari na sare wakati kahawa bado haijaiva. Kwa hiyo ukubwa wa tunda si jambo la urembo tu.

Kwa nini matunda mengi huwa madogo

Chakula cha tunda hutengenezwa kwenye majani. Majani yanatumia mwanga wa jua, hewa na maji kutengeneza sukari, na sukari hiyo inagawanywa kwenye matunda, mizizi, machipukizi mapya na akiba ya mti. Mti hauwezi kuongeza sukari kwa sababu tu matunda yameongezeka. Ni kama sufuria moja la ugali: wakija wageni 8 watashiba, wakija 40 kila mmoja atapata tonge.

Wataalamu wa matunda wanakadiria kwamba pichi moja linahitaji majani 30 hadi 40 ili likue vizuri. Sasa angalia tawi la pichi la mwaka mmoja. Kila kifundo kinaweza kubeba macho mawili ya maua, na katikati yao jicho moja la jani. Tawi lenye urefu wa mkono linaweza kufunga matunda zaidi ya 10, wakati majani yake yanatosha kulisha mawili au matatu. Kwa kawaida, mpichi uliochanua vizuri unahitaji sehemu ndogo tu ya maua yake, pengine 10 kwa kila 100 au chini ya hapo, ili utoe mavuno kamili. Kwenye plamu, jicho moja la ua hutoa maua mawili au matatu, hivyo msongamano ni mkubwa zaidi.

Hasara haziishii kwenye udogo wa tunda. Matawi huvunjika. Matunda yanayogusana huozeshana, kwa sababu unyevu hukaa katikati yake na dawa ya ukungu haifiki. Mti unamaliza akiba yake na machipukizi mapya yanakuwa mafupi. Hili ni jambo zito, kwa sababu pichi huzaa kwenye matawi yaliyoota msimu uliotangulia. Machipukizi ya mwaka huu yakiwa duni, mavuno ya mwaka ujao yameshapungua tayari. Kwenye plamu na aprikoti kuna lingine: mbegu changa ndani ya matunda hutoa homoni inayozuia macho mapya ya maua kuumbika, ndiyo maana mti unazaa sana mwaka mmoja na kupumzika mwaka unaofuata.

Mkulima wa kahawa anayafahamu haya. Mkahawa uliobeba kupita kiasi hukauka ncha za matawi, na ndiyo sababu maafisa ugani husisitiza kupogoa na kuondoa maotea. Kupunguza matunda kwenye mpichi ni kanuni ileile, ila hapa unaondoa matunda yenyewe.

Tunda hukua kwa hatua tatu

Ili kujua lini upunguze, ni lazima kujua tunda la kokwa linavyokua. Halikui kwa mwendo mmoja.

Hatua ya kwanza huanza ua linapofungamana na kuendelea kwa wiki kadhaa. Hapo chembe hai za tunda hugawanyika na kuongezeka idadi. Idadi ya chembe hizo ndiyo inayoweka kikomo cha ukubwa wa tunda. Tunda lililokosa chakula hatua hii haliwezi kufidiwa vya kutosha baadaye, hata ukimwaga mbolea.

Hatua ya pili kokwa linakuwa gumu. Kwa nje tunda linaonekana kama limesimama, lakini ndani mti unatumia nguvu kujenga ganda na mbegu. Hatua hii huchukua muda mfupi kwa aina zinazowahi kuiva na muda mrefu kwa zinazochelewa.

Hatua ya tatu tunda hujaa maji na sukari, linavimba haraka na kupata rangi. Sehemu kubwa ya uzito wake huongezeka katika wiki hizi za mwisho.

Somo ni hili: kadiri unavyopunguza mapema kabla kokwa halijakomaa, ndivyo yanayobaki yanavyofaidika. Ukipunguza baada ya kokwa kuwa gumu, utaokoa matawi yasivunjike, lakini ukubwa wa tunda utaongezeka kidogo tu.

Dawa za kupunguza matunda zilitoka wapi

Katika nchi zenye mashamba makubwa, kama Marekani, Hispania, Italia na Afrika Kusini, kupunguza pichi kwa mkono ni miongoni mwa kazi zinazokula fedha nyingi shambani. Inaweza kuvuka saa 100 za kazi kwa hekta moja, na yote inatakiwa ifanyike ndani ya wiki chache. Hapo ndipo watafiti walipoanza kutafuta dawa.

Dawa za mwanzo zilikuwa za kuunguza maua. Kuanzia miaka ya 1940 wakulima wa Marekani walitumia Elgetol, iliyotengenezwa kwa kemikali ya DNOC. Ilikuwa inaunguza sehemu ya ua inayopokea chavua, na ua lisilochavushwa linadondoka. Iliondoka sokoni Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980. DNOC ni sumu kali kwa binadamu, na leo imo katika orodha ya kemikali hatari zinazosimamiwa na Mkataba wa Rotterdam.

Baada ya hapo zilijaribiwa nyingine. Moja ni amoniamu thaiosalfeti, ambayo kwa asili yake ni mbolea ya maji yenye naitrojeni na salfa. Ikipulizwa kwenye ua lililofunguka hukausha sehemu za ndani. Nyingine ni mchanganyiko wa chokaa na salfa uliochemshwa, ambao mara nyingi huchanganywa na mafuta. Zote hizi zina kanuni moja: hazichagui. Zinaunguza ua lililofunguka siku hiyo, na zinaliacha lililokwisha kufungamana kabla na lile ambalo bado halijafunguka.

Kundi la pili ni homoni za mimea. Asidi ya jibereliki hupulizwa mti ukiwa na majani na matunda, wakati macho ya maua ya mwaka ujao yanaumbika, ili maua yanayokuja yawe machache. Kwa hiyo inafanya kazi msimu mmoja kabla, na mkulima anapunguza maua bila kujua hali ya hewa ya mwaka ujao itakuwaje. Etheponi, inayotoa gesi ya ethilini ndani ya mmea, ilijaribiwa sana kwenye pichi, lakini matokeo yake hubadilika kulingana na joto, na ikizidi mti hutoa gundi na kudondosha majani. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 Marekani iliruhusu dawa mpya iitwayo Accede. Kiini chake ni ACC, kitu ambacho mmea wenyewe hukitengeneza kabla ya kutoa ethilini.

Kuna dawa nyingine maarufu kwenye tufaha, kama karbarili, ambayo ni kiuatilifu cha wadudu. Kwenye pichi na plamu hazifanyi kazi ya kutegemewa, na karbarili huua nyuki. Mtu akikwambia dawa fulani inapunguza tufaha, usidhani itafanya hivyo kwenye mpichi wako.

Jambo moja halisemwi sana: hata huko kwenye mashamba makubwa, dawa haimalizi kazi. Inapunguza sehemu ya maua, kisha watu wanapita kumalizia kwa mkono. Wengine wameachana nayo na kutumia mashine yenye kamba zinazozunguka, kama ile ya Darwin kutoka Ujerumani, ambayo hupigapiga maua na kuyadondosha.

Kwa nini dawa hizi ni ngumu milimani kwetu

Sababu ya kwanza ni baridi yetu. Mti wa pichi huhesabu saa za baridi kali, takriban nyuzi 7 za Selsiasi kushuka chini, kabla ya kuamka. Aina nyingi za Ulaya zinahitaji mamia ya saa hizo. Aina zilizozalishwa kwa ajili ya maeneo ya joto zinahitaji chache. Flordaprince, iliyotoka Florida nchini Marekani, huhitaji saa kama 150 tu. Huku kwetu Juni hadi Agosti kuna baridi, lakini si ya kulaza mti kikamilifu. Matokeo yake mti mmoja unachanua kidogo kidogo kwa wiki nyingi. Utakuta tawi la juu lina matunda kama harage, la katikati lina maua, na la chini bado limelala.

Sasa kumbuka dawa ya kuunguza inavyofanya kazi: inahitaji maua mengi yafunguke kwa pamoja, ili mkulima achague siku ambayo ya kutosha yameshafungamana na ya ziada yako wazi. Kwenye mti unaochanua kwa wiki sita, siku hiyo haipo. Ukipuliza leo utaunguza kidogo, wiki ijayo yatafunguka mengine. Ukirudia mara tatu utaunguza majani machanga, ambayo ndiyo kiwanda cha chakula.

Wakulima wa nchi nyingine za joto walitafuta njia ya kuulazimisha mti uchanue kwa pamoja. Huko Batu, kisiwani Java nchini Indonesia, wakulima wa tufaha huondoa majani yote kwa mkono baada ya kuvuna, na mti unaamka kwa wakati mmoja. Ni kazi ya kitaalamu inayohitaji mti wenye afya, maji na mbolea. Usiijaribu kwenye shamba zima kabla ya kushauriwa.

Sababu ya pili ni kipimo. Dawa hizi hutegemea joto, unyevu, umri wa mti na aina. Kosa dogo la kipimo linaweza kudondosha matunda yote, na tunda lililodondoka halirudishwi. Mwenye hekta 100 anaweza kujaribia mistari miwili. Mwenye miti 15 akikosea, amepoteza msimu.

Sababu ya tatu ni nyuki. Dawa nyingi za kundi la kwanza hupulizwa wakati wa maua. Mipichi mingi hujichavusha yenyewe, lakini plamu nyingi za asili ya Japani zinahitaji chavua ya aina nyingine, na mchukuzi wake ni nyuki. Pia wapo majirani wenye mizinga.

Sheria na usalama

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, linahesabu dawa ya kupunguza matunda kuwa ni kiuatilifu, sawa na dawa ya wadudu au magugu. Hapa nchini msimamizi ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Mamlaka hiyo ndiyo inayosajili viuatilifu na kueleza vinaruhusiwa kwenye zao gani.

Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote unachoambiwa ni cha kupunguza au kukuza matunda, angalia mambo haya:

Kwanza, chupa iwe na lebo inayosomeka, namba ya usajili, jina la zao na kipimo. Kama pichi au plamu haikutajwa, dawa hiyo si ya zao lako.

Pili, usinunue dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda au ya maji, hata kama muuzaji ni jirani. Hutajua ni nini, na mtoto nyumbani hatajua kwamba si kinywaji.

Tatu, vaa glavu, miwani, barakoa na gambuti. Mchanganyiko wa chokaa na salfa huunguza macho na ngozi, na ukikutana na tindikali hutoa gesi yenye harufu ya yai viza ambayo ni sumu. Usiuchanganye na dawa nyingine kwenye bomba kwa kubahatisha.

Nne, usichukue mbolea ya kawaida ya dukani ukaongeza kipimo mara tatu kwa matumaini kwamba itaunguza maua. Utaunguza mti.

Jinsi ya kupunguza kwa mkono

Njia ya mkono ni ya zamani, haina gharama ya dawa, na inachagua: wewe ndiye unayeamua tunda lipi libaki. Kwa mti unaochanua kidogo kidogo, faida yake ni kubwa zaidi, kwa sababu unaweza kupita mara mbili au tatu kufuata hatua ya kila tawi.

Anza kwa kupogoa. Mti ukiwa umelala, kabla maua hayajafunguka, ondoa matawi yaliyokauka, yanayopishana na yaliyosongamana katikati. Kila tawi la ziada unalolikata ni maua kadhaa ambayo hutayapunguza baadaye. Huku ndiko kupunguza kwa bei rahisi kuliko kote.

Subiri mdondoko wa kawaida. Wiki chache baada ya maua, matunda ambayo hayakuchavushwa vizuri hudondoka yenyewe. Usikimbilie kabla ya hapo.

Pima kwa kisu. Matunda yakifikia ukubwa wa ncha ya kidole gumba, kwa kawaida wiki nne hadi sita baada ya maua, kata machache katikati. Kisu kikipita kwa urahisi, kokwa bado ni laini na muda unao. Kikigonga kitu kigumu, umeanza kuchelewa, fanya haraka.

Chagua la kuondoa. Ondoa kwanza yaliyotobolewa na wadudu, yenye makovu, yaliyopinda na yaliyopacha. Kisha ondoa madogo, ukiacha makubwa. Tunda ambalo ni kubwa kuliko wenzake mapema, mara nyingi litabaki kubwa hadi mwisho.

Acha nafasi. Kwa pichi na nektarini, acha tunda moja kila sentimita 15 hadi 20, yaani takriban shubiri moja. Kwa plamu, sentimita 8 hadi 10, upana wa kiganja. Kwa aprikoti, sentimita 5 hadi 10. Tawi nene kama penseli na lenye urefu wa nusu mita libaki na pichi mawili au matatu. Tawi jembamba libaki na moja au lisibaki na lolote. Matunda ya juu ya mti, yanayopata jua, yanaweza kukaribiana kidogo kuliko ya chini kivulini.

Tumia vidole vizuri. Shika tawi kwa mkono mmoja, kwa mkono mwingine lisokote tunda taratibu hadi lichomoke. Usivute kwa nguvu, utang'oa jicho au ganda la tawi. Anzia juu ya mti ukishuka, ili yanayodondoka yasikupotezee hesabu ya ulikokwisha kupita.

Kusanya yaliyodondoka. Yenye dalili za wadudu yafukie kwenye shimo lenye kina au yafunge kwenye mfuko mweusi na kuuacha juani. Inzi wa matunda aliyetoka Asia, aliyegunduliwa Afrika Mashariki mwaka 2003, hushambulia pichi na plamu pia, na matunda yaliyoachwa chini ya mti ni kitalu chake.

Kwa mti mchanga, kuwa mkali zaidi. Miaka miwili ya kwanza baada ya kupanda, ondoa matunda yote. Mti unatakiwa kujenga mizizi na matawi ya kubeba mzigo. Mti uliozaa ukiwa mtoto hudumaa, na utaulipia kwa miaka mingi.

Hesabu ya mfano

Ugumu mkubwa wa kazi hii ni moyo. Mtu anaona kama anatupa mali. Hebu tuweke hesabu, tukikumbuka kwamba bei hizi ni za mfano tu, kila mmoja aweke za soko lake.

Tuseme mti ulioachwa una matunda 800 ya gramu 40 kila moja. Hizo ni kilo 32. Robo, yaani kilo 8, hazinunuliwi kwa sababu ni ndogo mno au zimeoza kwa kubanana. Zinabaki kilo 24. Kwa shilingi 500 kwa kilo, unapata shilingi 12,000.

Mti huohuo ukipunguzwa hadi matunda 250 ya gramu 100, ni kilo 25. Toa kilo 2 zilizoharibika, zinabaki 23. Kwa shilingi 1,200 kwa kilo, unapata shilingi 27,600. Tofauti ni shilingi 15,600 kwa mti mmoja, kwa kazi ya saa moja au mbili.

Angalia vizuri: kilo zimepungua, kutoka 32 hadi 25. Kupunguza matunda hakuongezi jumla ya uzito. Kunaongeza uzito unaouzika, na kunapunguza sado, matenga na safari za kubeba. Ukizidisha kupunguza, ukaacha matunda 80, kila moja litakuwa kubwa lakini fedha itapungua. Na kama soko lako linanunua kwa ndoo bila kujali ukubwa, faida yako itakuwa ndogo zaidi. Hapo kazi ya kwanza ni kutenga makubwa na madogo katika mafungu mawili, ili mnunuzi aone tofauti kabla ya kutaja bei.

Maswali yanayoulizwa

Je, mbolea nyingi haiwezi kuyakuza matunda yote? Hapana. Mbolea inasaidia majani, lakini naitrojeni ikizidi mti unaota machipukizi marefu yenye kivuli na matunda yanachelewa kupata rangi. Samadi iliyooza na kupunguza matunda huenda pamoja, kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Je, maji yana sehemu gani? Kubwa, hasa hatua ya tatu. Maua mengi huku huja kuelekea mwisho wa kiangazi, mvua ikiwa bado. Tandaza nyasi kavu kuzunguka shina bila kuligusa, na kwenye mteremko chimba kijaruba cha kushika maji. Watu wa Umatengo wenye ujuzi wa ngolo hawahitaji kufundishwa hili.

Je, nikikosa muda wa miti yote? Anza na mti uliobeba zaidi na wenye matawi membamba. Au chukua mti mmoja tu, punguza nusu yake na nusu nyingine uiache. Wakati wa kuvuna pima matunda 10 ya kila upande kwenye mzani. Hilo litakushawishi kuliko redio.

Je, ipo siku dawa itatufaa? Ikiwa wakulima watapanda aina zenye mahitaji madogo ya baridi, zinazochanua kwa pamoja, na kukawa na mashamba ya ukubwa wa kutosha kulipia majaribio, inawezekana. Majaribio hayo ni kazi ya vituo vya utafiti kama TARI na Chuo Kikuu cha Sokoine, kwenye miti yao kwanza.

Mahali pa kuanzia

Kwa anayetaka kufanya kazi hii msimu ujao, mpangilio ni huu: pogoa mti ukiwa umelala, usipulize chochote maua yakiwa wazi, subiri mdondoko wa kawaida, pima kwa kisu, punguza kabla kokwa halijawa gumu, pitia tena baada ya wiki mbili kwa matawi yaliyochelewa, egemeza kwa miti ya panda tawi lolote linaloinama. Afisa ugani wa kata ndiye wa kuanza naye kwa ushauri wa aina na upogoaji, na mtu akikuletea dawa asiyoweza kukuonyesha lebo yake, mwonyeshe afisa ugani kabla ya kufungua pochi.